Siku Nilipofuta Maneno ya Mzee Jayanti

Siku hiyo haijanitoka kichwani hata kidogo. Ilikuwa Jumanne, saa mbili asubuhi, chai yangu bado moto, simu ikalia ule mlio mfupi wa ujumbe. Nikafungua. Ilikuwa picha ya mzee, imepigwa kutoka nyuma yake, amesimama ukingoni mwa Mto Chania, suruali ameikunja hadi magotini, na kando yake kuna nazi, maua ya manjano na kipande cha kitambaa chekundu. Chini ya picha mtu alikuwa ameandika: "Huyu Mhindi anafanya nini na maji yetu kila asubuhi? Nauliza tu."

Mwanangu, jana ulinipigia ukicheka, ukaniambia wapangaji wenzako huko Kamakis wamekuchagua uwe admini wa grupu la jengo lenu. Nilikupongeza, halafu nikasema mboga inaungua, nikakata simu. Hakukuwa na mboga yoyote jikoni. Nilikaa tu kitandani nikishika magoti yangu. Leo nimeamua kukuambia jambo ambalo nimekuficha tangu ulipokuwa darasa la sita. Nimekuandikia kwa sababu nikikueleza kwa mdomo nitajitetea, najijua.

Mzee yule wa kwenye picha unamkumbuka. Ni Mzee Jayanti, yule aliyekuwa akikupa biskuti ukitoka shule. Hukuwahi kuniuliza kwa nini tuliacha kwenda studioni kwake ghafla. Watoto huzoea haraka, na mimi nilishukuru kwamba umezoea.

Nilipopunguzwa kazi kiwandani, tulikuwa tunakaa Makongeni kwenye chumba kimoja, wewe na mimi. Nilizunguka Thika mjini duka kwa duka nikiomba chochote, hata kufagia. Wengi hawakuinua macho. Mzee Jayanti ndiye aliyenikalisha. Alikuwa na studio ya picha na kompyuta nne za watu kuchapa barua na kutafuta mambo mtandaoni. Aliniuliza, "Wewe najua kompyuta?" Nikasema sijui. Akasema, "Sawa. Mimi pia nilikuwa hapana jua." Ndivyo alivyozungumza, Kiswahili chake alikiokota dukani, lakini alikipenda na hakukionea haya.

Alinifundisha kila kitu. Alinifundisha kuchapa, kusafisha picha, kutuma barua pepe, kurudisha faili ambalo mteja analia kwamba limepotea. Mke wake, Mama Kokila, alikuja na chakula kila saa saba, vyombo vinne vya chuma vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, na kimoja kilikuwa changu. Hawakula nyama. Mama Kokila alipenda kuniuliza habari za omena, wale dagaa wa kwetu magharibi, tunaipikaje, inanuka vipi, kisha anaziba pua na kucheka hadi machozi.

Kwenye kona ya studio walikuwa na rafu ndogo ya sala, ina taa ya pamba na samli na picha ya mungu wao mwenye kichwa cha ndovu. Mimi nilikulia kanisani, na siku za kwanza niliipita rafu ile kwa ubavu, kama mtu anayempita mbwa asiyemjua. Mama Kokila aliona. Akaniambia, "Rozi, hii si ya kukuogopesha. Mimi nawasha taa hapa, nasema asante, basi." Akanieleza pia, siku nyingine tukimenya njegere, kwamba kwao mtu akifa mwili unapewa moto, na majivu yanapewa maji yanayotembea, ili asikwame popote. "Mimi nataka hii mto yetu ya hapa," alisema. "Nimekunywa maji yake miaka arobaini. Inanijua."

Watu wetu humwita kila mmoja wao Mhindi, awe Mwislamu, awe Singasinga, awe nani. Mimi nilijua tofauti. Nilijua Mhindu anaamini nini kuhusu kufa. Nilielezwa na mtu aliyenilisha. Usisahau hilo unapoendelea kusoma, maana huko mbele nitatamani useme kwamba sikujua.

Mshahara wa studio ndio uliotuhamishia mtaa wa Ngoingwa. Na simu yangu ya kwanza ya kugusa kioo ilikuwa ya Mzee Jayanti, aliponunua mpya akanipa ile ya zamani. Nilikuwa na miaka arobaini na saba, lakini katika mambo ya simu nilikuwa msichana mdogo kabisa. Nilianzisha grupu la majirani ili tuambiane maji yanakuja siku gani na stima inapotea saa ngapi. Tulianza watu kumi na wawili. Mwaka haukuisha, tulikuwa zaidi ya mia mbili.

Nisikudanganye, mwanangu, nilipenda. Mimi niliyefukuzwa kiwandani kwa karatasi moja, sasa nikipita sokoni watu wananiita "Madam Admini." Niliandika sheria: siasa hapana, dini hapana, matusi hapana. Mtu akikosea nilimwondoa kwa kidole kimoja, na usiku huo alinipigia akiniomba nimrudishe. Kama hujawahi kuwa na nguvu juu ya mtu yeyote, ladha yake inakulewesha haraka. Mzee Jayanti nilimwingiza mimi mwenyewe kwenye grupu. Hakuwahi kuandika neno, alisoma tu habari za maji.

Kisha Mama Kokila akafariki. Ugonjwa wa moyo, wiki mbili tu. Nilienda kumchoma pamoja na Wahindu wenzao, mara yangu ya kwanza kuona jambo hilo, na nilisimama karibu na mzee kwa sababu mwana wao wa pekee, Nilesh, alikuwa ng'ambo na karatasi zake za kusafiri zilikuwa zimechelewa. Majivu yaliwekwa ndani ya chungu cha udongo, kikafungwa kwa kitambaa chekundu, kumngoja Nilesh, kwa sababu mwana ndiye anayetakiwa kumkabidhi mama yake kwa mto. Wakati wa kungoja, mzee alifunga studio, na kila asubuhi alishuka mtoni peke yake na maua na nazi, kumwombea.

Wiki hiyohiyo watu wakaanza kuugua tumbo Ngoingwa. Watoto hasa. Zahanati ilijaa. Ndipo ile picha ikaja.

Aliyeituma alikuwa Kamande, mwenye duka la dawa za mifugo, mtu wa kelele lakini si mtu mbaya zaidi ya wengine. Nimejaribu miaka yote kumfanya awe shetani na nimeshindwa. Mtoto wake mwenyewe alikuwa amelazwa. Aliandika "Nauliza tu," na baada yake wakaja wengine. Mmoja alisema ni kafara. Mwingine alisema ameona damu kwenye kitambaa. Ujumbe wa sauti wa dakika tatu ukatoka kwa mama mmoja aliyedai kwamba Wahindi hufunga maradhi kwenye nazi na kuyapeleka kwa majirani. Kufikia saa nne, hakuna aliyekuwa akiuliza tena.

Nilimjua mzee yule kwa mgongo wake tu. Sweta ile ya kijivu alifumiwa na mkewe. Ningeweza kuandika mstari mmoja: huyu ni Mzee Jayanti, amefiwa, anaomboleza. Kidole kilikuwa juu ya kioo kabisa. Nikawaza watasema, "Ndiyo, mtetee, si ndiye tajiri wako?" Nikawaza nitapoteza heshima. Na kuna jambo la tatu ambalo sijawahi kumwambia hata mchungaji: grupu halijawahi kuchangamka vile, na mimi nilikuwa mwenye grupu.

Nikanyamaza. Nikajiambia kwamba si kazi ya admini kuegemea upande.

Alasiri, Mzee Jayanti akaandika. Mara yake ya kwanza na ya mwisho. Nakumbuka maneno yake yote.

"Majirani, salamu. Ile mtu ya picha ni mimi. Bibi yangu amekufa. Sisi Wahindu tunaomba kwa mto, tunapatia maua. Hapana dawa, hapana uchawi. Ile maua ni maua tu. Kama nimekosea nyinyi naomba samahani. Watoto wapone."

Kisha mtu mmoja akaandika: "Admini, si tulisema dini hapana? Ama sheria ni ya watu wengine?" Wakafuata watatu, wanne, wote wakiniita kwa jina.

Nikaufuta ujumbe wake.

Picha niliiacha. Ujumbe wa sauti niliuacha. Nilijieleza kwamba zile ni habari za mtaa, na ule wa mzee ni dini, na sheria ni sheria. Niliona hata nimekuwa mwadilifu. Baada ya dakika tano simu ikalia, ni yeye.

"Rozi, umefuta?"

"Mzee, ni sheria ya grupu. Mambo ya dini haturuhusu."

"Na ile ya kusema mimi mchawi? Hiyo si dini?"

"Watatulia tu, Mzee. Usijali. Ni maneno ya simu."

Akasema, "Sawa, Rozi," kwa sauti ileile aliyokuwa akitumia kwa mteja aliyekataa picha zake baada ya kuzipokea.

Nilesh alifika Ijumaa. Jumamosi, saa tatu asubuhi, nikiwa nafua, grupu likalia tena. "Wako mtoni sasa. Wamekuja na chungu! Tokeni!" Nikaacha nguo kwenye beseni. Mikono yangu ilikuwa na povu, nikaipangusa kwa kanga, nikaandika: "Wapendwa, tafadhalini tudumishe amani." Nikaongeza vile vikatuni vya mikono ya kuomba, vitatu. Watu thelathini na kitu wakaniunga mkono kwa vikatuni hivyohivyo. Nusu yao walikuwa wameshashika njia ya kwenda mtoni.

Ningewahi. Kutoka nyumbani hadi pale ni dakika kumi na mbili kwa miguu, na kwa bodaboda hata nne hazifiki. Nimeipima njia ile baadaye, zaidi ya mara moja. Badala yake nilisuuza nguo.

Ilipofika saa nne kasoro, video ikaja. Walikuwa wamewazuia kabla hawajafika majini. Wanaume kama ishirini, na akina mama nyuma yao wakipiga kelele kwamba watoto wanakufa. Hawakumpiga mtu, na walijisifu sana kwa hilo baadaye. Kamande alikinyakua chungu mikononi mwa Nilesh, akakipeleka hadi kwenye jaa la takataka lililo kando ya barabara, akakifungua ili kila mtu aone ule uchawi. Akakimwaga. Likatoka jivu la kijivu na vipande vidogo vyeupe. Vikaangukia juu ya maganda ya ndizi, mifuko ya plastiki na nepi za watoto.

Kwenye video unasikia mtu akiuliza, "Ni hiyo tu?" Na unamwona Nilesh, kijana mwenye shati jeupe la maombolezo, amepiga magoti kwenye jaa, anaokota mama yake kwa vidole.

Hapo ndipo nilipofuta. Nilifuta video, nikafuta picha, nikafuta ujumbe wa sauti, nilifuta kila kitu, na wakati nafuta video ilikuwa imeshafika kwenye magrupu ya Ruiru na kwingineko, na watu wa huko walikuwa wanacheka.

Nilikimbia nikiwa na ndara. Umati ulikuwa umeshatawanyika. Nilesh alikuwa bado anaokota, anaweka ndani ya kile chombo cha chuma cha chakula, kimojawapo cha vile vinne. Mzee alikuwa amesimama, mikono imening'inia. Nilipiga magoti ili nimsaidie kijana. Nilinyoosha mkono.

"Usiguse," mzee akasema.

Nikabaki vilevile, magoti yangu kwenye uchafu.

"Mimi nilifundisha wewe mashine," akasema. Hakupaza sauti. "Ile ya kufuta, ile ya kurudisha, yote. Nilifikiri roho unayo yako. Sasa enda nyumbani, Rozi."

Nikaenda nyumbani.

Siku nne baadaye mafundi walichimba barabara na kukuta bomba la maji limepasuka karibu na mtaro wa maji taka. Wakaliziba. Watoto wakapona, wa Kamande pia. Kamande akaandika kwenye grupu, "Tumshukuru Mungu, maji yetu sasa ni safi," na watu wakajibu amina, amina, ukurasa mzima. Nilingoja mtu ataje jina la Mzee Jayanti. Halafu nikaona kwamba na mimi nangoja wengine, kama kawaida yangu. Hapo nikaandika. Niliandika kila kitu: mzee ni nani, mkewe alikuwa nani, kile chungu kilikuwa nini, na mimi nilifuta nini. Watu wachache waliandika "pole." Mmoja akaandika, "Madam, yameisha hayo, tusonge mbele." Jioni hiyo nilijitoa. Walimchagua Kamande awe admini, na grupu lipo hadi leo.

Nilienda kwa mzee mara moja baada ya hapo. Aliniruhusu kuingia, akanipikia chai mwenyewe kwa kuwa hakuna aliyebaki wa kuipika. Nilesh alikuwa ameshayapeleka mtoni yale aliyoweza kuokota, asubuhi sana, yeye na baba yake tu. Nililia, nikaomba msamaha. Hakusema amenisamehe, wala hakusema hajanisamehe. Nikamuuliza, "Mzee, dini yenu inasemaje kuhusu mtu aliyefanya kama mimi?"

Akakoroga chai yake. "Inasema ile kitu umefanya itangoja wewe. Kwa hii maisha ama ingine. Hapana haraka."

"Na Mama Kokila? Amekwama?"

"Kokila ameenda. Yeye hapana shida, mto ama takataka. Shida ni ya mimi." Akaweka kikombe chini. "Niliambia yeye, mto. Nilishika mkono yake nikaambia yeye, mto."

Studio aliiuza, akaenda kuishi na mwanawe. Miaka miwili baadaye nilipata habari kwamba amefariki huko, nikazisoma kwenye simu, katikati ya tangazo la viatu na utani wa mtu nisiyemjua. Sijui majivu yake yalikwenda wapi. Sikuwa na haki ya kuuliza.

Watu huniambia kwamba nimejitesa vya kutosha, kwamba waliokwenda jaani ni wengine. Ni kweli, mimi sikumwaga chungu. Lakini kati ya watu zaidi ya mia mbili, mmoja tu ndiye aliyejua ukweli na pia kushika ufunguo, na alikuwa ameshughulika kulinda sheria zake.

Kwa hiyo, mwanangu, msikilize mama yako, hata kama sasa unanitazama kwa jicho jingine. Watu wakianza kumsema mtu kwenye grupu lako, mtafute yeye kwanza kabla hujatafuta sheria. Ukimjua, sema unamjua, wakati huohuo, kabla wa pili na wa tatu hawajaandika, maana wakifika kumi hutaweza tena. Usimnyamazishe anayejieleza ili kuwaridhisha wanaomshtaki, halafu ukajiita mtu wa haki. Anayesema "nauliza tu" mwambie akaulize mlangoni kwa mwenyewe. Imani ya jirani yako usipoielewa, muulize yeye, usiwaulize wanaomwogopa. Na ukiona watu wanatoka nyumbani kwao kwenda kumkabili mtu, weka simu chini uende kwa miguu yako, ukasimame mbele yake. Usitume maneno ya amani. Mimi niliyatuma, naujua uzito wake.

Kama huwezi haya, warudishie cheo chao leo. Hakuna aibu. Heri wakuone mwoga mapema kuliko mtu mwingine aje kuujua woga wako siku anakuhitaji.

Haya, sina zaidi. Mungu akuongoze huko uliko, akupe majirani wema na akufanye jirani mwema kwao, wa sala hii na wa sala ile. Akupe ulimi mwepesi pale mimi nilipokuwa mzito. Na akuepushe, mwanangu, na kuzeeka ukiwa unamdai msamaha mtu ambaye hakuwahi kuwa na deni lolote kwako.